Kupasha Injini Moto: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Matunzo ya Gari katika Baridi Kali

Miongoni mwa kazi ziletwazo mezani kwa afisa wa istilahi, zipo zile ambazo kosa lake huishia katika karatasi, na zipo zile ambazo kosa lake hutoka katika karatasi likamfuata mtu hadi barazani kwake. Kazi tunayoihakiki hapa ni ya aina ya pili. Ni muswada wa kijitabu kidogo kiwaelekezacho madereva namna ya kulitunza gari katika nchi za baridi kali. Umetafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani ya Kaskazini, ambao wengi wao ni ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi. Muswada uliletwa ili usomwe kabla ya kupigwa chapa. Hatutaji jina la mfasiri wala la waliomtuma, kwa kuwa shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Makosa yaliyomo ni ya wengi wetu, na moja kati ya hayo, kama msomaji atakavyoona, ni la mwandishi wa makala haya.

Sehemu tuliyoichagua ni ukurasa mmoja tu, ule uelezao la kufanya asubuhi dereva anapokuta kwamba maji yaliyomo katika rejeta na injini yameganda kwa baridi. Jambo hili halimtokei dereva wa Dar es Salaam wala wa Kisangani, na ndiyo maana lugha yetu haijapata nafasi ya kutosha kulizoea. Huko ugenini hutokea kila mwaka kwa mtu aliyejaza maji matupu. Maji yanapofika nyuzi 0 za Sentigredi huganda, na yanapoganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Lita 10 za maji zitahitaji nafasi ya karibu lita 11, na ndani ya chuma kilichofungwa pande zote nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo rejeta hupasuka, mipira huchanika, na pengine bloku ya injini yenyewe hufanya ufa. Huo ndio uzito wa ukurasa huu. Msomaji wake hasomi kwa kujifurahisha. Amesimama nje katika baridi, gari haliendi, na atatenda neno kwa neno kama alivyoambiwa.

Kwanza: majira yenyewe

Muswada unaanza kwa kumwagiza dereva akague gari lake "kabla ya kipupwe". Wafasiri wengi hulitumia neno hili kwa majira ya baridi ya Ulaya na Marekani, na baadhi ya walimu hulifundisha hivyo. Lakini kipupwe kina mahali pake na miezi yake. Ni majira ya baridi ya kiasi, kati ya mwezi Juni na Agosti, ambapo kusi huvuma na watu wa pwani hujifunika shuka usiku. Baridi kali ya nusu ya kaskazini ya dunia huja kati ya Desemba na Februari. Basi mtu aliyekulia Ujiji au Bujumbura, akiambiwa akague gari kabla ya kipupwe, anaweza kwa haki kabisa kulikagua mwezi Mei na kukaa ametulia hadi Desemba imkute hana habari. Palifaa kuandikwa "kabla ya majira ya baridi kali, yaani kabla ya mwezi Novemba". Jina la mwezi halina utata, na pale neno letu linapokuwa na kalenda yake, mfasiri hana budi kuitaja kalenda anayoikusudia.

Pili: theluji, barafu na sakitu

Mahali pawili muswada unasema kwamba rejeta "imejaa theluji". Theluji tuliipata katika Kiarabu, na barafu asili yake ni Kiajemi. Katika lugha zilikotoka maana zao zilikaribiana sana, lakini Kiswahili kimezitenganisha, na utengano huo unatufaa. Theluji huanguka kutoka mawinguni au hulala juu ya kilele cha mlima. Barafu ni maji yaliyokuwa maji, yakawa magumu. Sakitu ni ule weupe wa asubuhi juu ya majani, ambao wakazi wa nyanda za juu za Makete wanaufahamu vema. Kilichomo ndani ya rejeta ni barafu. Kosa hili halitamdhuru mtu, lakini linaonyesha kwamba mfasiri alichukua neno la kwanza lililomjia na hakuuliza ni kitu gani hasa kilicho mbele yake.

Tatu: kupoza na kupooza

Mfumo unaozungumzwa umeandikwa mara tano kuwa ni "mfumo wa kupooza". Herufi moja imeongezeka, na maana imepinduka. Kitenzi ni kupoa, na anayekifanya kitu kipoe hukipoza. Kupooza ni maradhi ya viungo. Huenda ni kosa la mpiga chapa, lakini kosa lirudiwalo mara tano halimwachi mpiga chapa peke yake. Tunapendekeza "mfumo wa kupoza injini". Katika ukurasa mwingine mfasiri ameandika "ubaridishaji". Neno hilo halikosewi kisarufi, ila halina kazi, kwa maana injini haitakiwi kuwa baridi. Injini hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la kadiri, na ndiyo maana imewekewa themostati, ambayo huyazuia maji yasiende katika rejeta mpaka joto hilo lifikiwe. Kupoza ni kupunguza joto lililozidi, na hiyo ndiyo kazi ya mfumo huu.

Nne: ni nini kilichoganda?

Muswada unasema: "Injini ikigandishwa, usiilazimishe." Hapa pana mambo mawili. La kwanza ni kauli ya kitenzi. Kugandishwa kunadai mtendaji, kana kwamba yuko mtu aliyeigandisha injini usiku. Kiswahili kina kauli yake ya kawaida: maziwa huganda, damu huganda, na mafuta ya nazi huganda katika chupa asubuhi ya ubaridi wala hakuna aliyeyagandisha. Hili la mafuta ya nazi lafaa litumiwe na walimu. Watu wa pwani, ambao hawajapata kuona maji yakiganda nje, wanajua tangu utotoni kwamba kitu kimiminika kina kiwango chake cha baridi ambacho kikikifikia huwa kigumu, na kwamba kiwango hicho si kimoja kwa vitu vyote. Elimu ya jambo hili haikuja kwa meli.

La pili lina uzito zaidi. Kuganda kwa Kiswahili si kuwa barafu tu. Ni kushika pia, kunata, kutoachia. Leo mtu husema simu yake imeganda, naye hana maana ya baridi. Kwa hiyo "injini imeganda" humfikishia dereva habari ya injini iliyokwama, ile ambayo mafundi wa Tanzania husema imenoki, na dawa ya injini iliyokwama ni tofauti kabisa na dawa ya injini yenye barafu. Tunapendekeza kitenzi kifungwe kwa kitu chake: "maji ya mfumo wa kupoza yameganda" au "mna barafu ndani ya injini". Injini yenyewe isigande kamwe katika maandishi yetu. Ikishikana vyuma, tuseme imekwama.

Tano: kupasha injini moto

Sasa tunafika kwenye sentensi iliyotufanya tuuzuie muswada usichapishwe. Baada ya kueleza kwamba maji yameganda, mfasiri ameandika: "Pasha injini moto polepole mpaka barafu yote iyeyuke."

Asomaye kwa kamusi ataona kwamba sentensi ni sahihi. Asomaye kwa masikio ya dereva atashtuka. Kupasha injini moto, kwa kila aliyepata kushika usukani Afrika ya Mashariki, ni kuiwasha na kuiacha ingurume mahali pale kabla ya kuondoka. Hakuna maana nyingine. Na hilo ndilo jambo moja ambalo dereva huyu hapaswi kulitenda. Kijitabu cha Kiingereza kilikusudia kwamba gari lisukumwe au livutwe hadi mahali penye joto, likae humo. Tafsiri yetu imeliamuru liwashwe.

Yafaa tueleze kitakachotokea, kwa kuwa mfasiri asiyekijua hawezi kuona hatari ya neno lake. Pampu ya maji huzungushwa na mkanda. Ikiwa mapanga yake yameshikwa na barafu, mkanda utateleza na kuungua, au utakatika, au pampu itavunjika. Katika injini nyingi mkanda uizungushao pampu ni ule ule wa taimingi, na ukikatika, katika baadhi ya injini hizo valvu hugongana na pistoni. Hata kama mkanda utasalimika, maji hayazunguki. Moto unawaka ndani ya silinda, na hakuna cha kuchukua joto lake kulipeleka katika rejeta. Maji machache yaliyo karibu na silinda yatachemka ilhali rejeta ingali jiwe la barafu. Dereva ataona mvuke, atafurahi kwamba barafu imeyeyuka, kumbe silinda hedi inapinda na gasketi inaungua. Akifungua kifuniko cha rejeta wakati huo, mvuke wenye kanieneo kubwa waweza kumbabua uso na mikono. Hayo yote yametokana na maneno matatu ya Kiswahili fasaha.

Tumependekeza sehemu hii iandikwe upya hivi:

"Usiiwashe injini. Lisukume au livute gari hadi ndani ya banda lenye joto, uliache humo kwa saa nyingi, hata kutwa nzima, mpaka barafu iyeyuke yenyewe. Usimwagie injini maji yanayochemka, kwa sababu chuma baridi kikipata joto la ghafla hufanya ufa. Usitumie mwali wa moto. Minya mipira ya rejeta kwa mkono: ukisikia kitu kikikatikakatika ndani, barafu ingalipo. Ikiisha kuyeyuka, chungulia chini ya gari na kandokando ya injini uone kama panavuja. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha ingia ndani yake, nawe usiiwashe injini mpaka fundi aione."

Msomaji ataona kwamba katika maneno hayo hamna istilahi mpya hata moja. Si kwamba tunazidharau istilahi. Ndizo kazi yetu. Ila mtu aliye hatarini anahitaji vitenzi vilivyo wazi kabla ya nomino ngeni.

Sita: vizibo

Ubavuni mwa bloku ya injini pana visahani vyembamba vya chuma vilivyokazwa katika matundu ya mviringo. Barafu inapotanuka, mara nyingine huvisukuma vikatoka. Kwa sababu hiyo watu wengi wa lugha ya Kiingereza huviita vizibo vya kuganda, na mfasiri wetu amewafuata, kisha akaongeza maelezo kwamba viliwekwa ili kuiokoa injini na baridi. Sivyo vilivyo. Bloku hutengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu yenye mchanga ndani, na matundu yale hubaki pale palipotolewa mchanga. Vizibo huyaziba, basi. Vikitoka kwa nguvu ya barafu, bloku yaweza kusalimika, na pia yaweza kupasuka pamoja na hayo. Mwenye kuamini kwamba amewekewa kinga atazembea kinga ya kweli. Tunapendekeza "vizibo vya kalibu". Jina hilo linasema vilikotoka, wala haliahidi kisichokuwapo. Tena ni neno kongwe: mafundi wetu wa kusubu walikuwa na kalibu kabla gari halijafika.

Saba: kosa la mwandishi

Imebaki dawa inayotiwa katika maji yasigande. Mfasiri ameiita "kizuiamgando". Neno hili hakulibuni yeye. Alilitoa katika orodha ya muda iliyotayarishwa miaka kadhaa iliyopita, na aliyeliingiza katika orodha hiyo ni mimi. Nililipenda kwa sababu viungo vyake vyote ni vya Kibantu na maana yake ni ya moja kwa moja. Nililitetea kikaoni, nikashinda.

Baada ya kuusoma muswada huu nilichukua orodha ile nikaenda gereji ya jirani, nikamsomea fundi mmoja mzee neno hilo na maana yake. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ndugu yangu, hiyo ni ya Ulaya kwenye baridi. Huku kwetu kuna mgando gani? Sisi tunatia maji ya bomba." Nikamwuliza kama hawana kabisa kimiminika cha rangi cha kutia katika rejeta. Akacheka. "Ah, unasema kulanti! Kulanti ipo, tena bila hiyo gari haifiki mbali." Akanionyesha rejeta iliyofunguliwa, mirija yake imezibwa na kutu na magamba ya chokaa. Mwenye gari lile, alisema, alikuwa akitia maji matupu.

Hapo nililiona kosa langu. Kimiminika kile kina kazi zaidi ya moja. Katika nchi za baridi huzuia maji yasigande. Katika nchi zote, za baridi na za joto, huzuia kutu, huhifadhi pampu, na hukipandisha kiwango cha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 106 hivi, bila kuhesabu kanieneo ya kifuniko. Mimi nililitafsiri jina la Kiingereza, nalo jina hilo lilizaliwa katika nchi za baridi likachagua kazi moja iliyokuwa muhimu huko. Kwa kulitafsiri nikamwambia dereva wa Dodoma, kwa lugha yake na kwa idhini ya ofisi, kwamba kitu hiki hakimhusu.

Tena neno lile lina mtego hata kwa aliye huko kwenye baridi. Muswada unamwagiza "ajaze kizuiamgando" bila kusema kwa kipimo gani. Mtu atafikiri kwamba kadiri dawa inavyozidi ndivyo kinga inavyozidi. Sivyo. Glikoli ya ethilini, ambayo ndiyo dawa itumikayo zaidi, ikiwa tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, haigandi mpaka kwenye nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Aliyejaza dawa tupu ametumia fedha nyingi kununua kinga ndogo. Isitoshe, ni sumu yenye utamu, iharibuyo figo, na mtoto au mbwa akikuta imemwagika sakafuni huilamba. Kwa sababu hiyo tunapinga pia pendekezo la baadhi ya wenzetu la kuiita "maji ya rejeta", ingawa ni jina jepesi. Kisichonyweka kisiitwe maji.

Wapo watakaosema kwamba kulanti ni neno la kigeni na kwamba kuliidhinisha ni kukata tamaa. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini rejeta ilikuja vivyo hivyo, na pistoni, na gasketi, na leo hakuna anayeziuliza zilikotoka. Mafundi wamekwisha kuitia kulanti irabu zake, wameipa ngeli, na mwenye kuisikia hajidanganyi juu ya hali ya hewa. Kubuni neno ni wajibu wetu pale ambapo watu hawana neno. Pale ambapo wanalo, wajibu wetu wa kwanza ni kwenda kulisikia.

Mapendekezo

Kwa ufupi, tunapendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa idara zinazoshughulika na vyombo vya moto:

(a) "Mfumo wa kupoza injini" litumike, na "mfumo wa kupooza" na "ubaridishaji" yaachwe.

(b) Kuganda kufungwe kwa maji au kimiminika kingine. Kwa injini isiyozunguka litumike "kukwama".

(c) "Kupasha injini moto" libaki na maana yake ya udereva, yaani kuiwasha na kuiacha ingurume, wala lisitumiwe kwa kuyeyusha barafu.

(d) "Vizibo vya kalibu" litumike badala ya vizibo vya kuganda.

(e) "Kulanti" litumike kwa kimiminika cha kupoza injini. Itokayo kiwandani bila maji iitwe "kulanti ghafi", na iliyokwisha tiwa maji "kulanti iliyochanganywa". Kila maagizo yataje kipimo cha mchanganyiko na onyo la sumu.

(f) "Kizuiamgando" lifutwe katika orodha ya muda. Aliyeliingiza anaomba hivyo.

(g) "Kipupwe" lisitumiwe kwa majira ya baridi ya nchi za kaskazini bila kutaja miezi.

Muswada umerudishwa kwa wenyewe pamoja na masahihisho haya. Kwa haki ya mfasiri, hatuna budi kusema kwamba sentensi zake kwa jumla ni nzuri, zina mtiririko, na mahali pengi zinapendeza kuliko zetu. Alikosa kitu kimoja tu, nacho si lugha: hakupata mtu wa gereji wa kumsomea ukurasa wake kwa sauti na kumwuliza, "Ukiambiwa hivi, utafanya nini?" Swali hilo halihitaji kamusi wala kikao. Tunawaomba wasomaji wenye kazi za namna hii waliulize kabla hawajatuletea miswada yao, nasi tunaahidi kuliuliza kabla hatujawaletea orodha zetu. Maoni juu ya mapendekezo haya, hasa kutoka kwa mafundi na kwa ndugu waishio katika nchi za baridi, yatapokewa kwa shukrani.